Pensheni Inatoka London, Mstaafu Yuko Tanga: Kodi ni ya Nani?

Tanga mjini, kuanzia Raskazone mpaka Ngamiani, na kusini huko Pangani hadi Bagamoyo, wapo wastaafu ambao kila mwezi huingiziwa pensheni kutoka nje ya nchi. Huyu alikuwa muuguzi Uingereza, yule alifanya kazi kiwandani Ujerumani, mwingine alimaliza ujana wake bandarini Mombasa. Wapo pia Wazungu waliouza nyumba zao kwao wakaja kujenga karibu na bahari. Wote hujikuta na swali moja: pensheni hii imeshakatwa kodi huko ilikotoka, je, na TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) ina fungu lake humo?

Mara nyingi inalo. Lakini barazani utasikia mambo matatu yakisemwa kwa uhakika mkubwa: kwamba hela iliyokatwa kodi nje haitozwi tena hapa, kwamba ukiiacha kwenye akaunti ya nje haiguswi, na kwamba mzee hatozwi kodi. Yote matatu si kweli. Hilo la mwisho nadhani linatokana na msamaha wa kodi ya majengo kwa nyumba anayoishi mzee wa miaka 60 na zaidi. Ule ni msamaha wa jengo. Kodi ya mapato haiangalii umri.

Siku na nyumba, si pasipoti

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, Sura ya 332, inaanza kwa kuuliza kama wewe ni mkaazi. Mkaazi hutozwa kodi kwa mapato yake yote, popote duniani yanakotoka. Asiye mkaazi hutozwa kwa yale tu yanayotoka Tanzania. Malipo ya kustaafu yanahesabiwa ndani ya mapato ya ajira, kwa hiyo pensheni ya kazi uliyoifanya London ni pato la nje: inakuhusu hapa ukiwa mkaazi, na haikuhusu ukiwa si mkaazi. Hakuna kipengele kinachosema itozwe pale tu inapoingia nchini. Iwe imebaki London, iwe imetumwa kwa simu kwa mjukuu Muheza, hesabu ni ile ile.

Uraia hauna nafasi kubwa hapa, na kibali cha uhamiaji pia si kipimo. Sheria ina njia kadhaa za kumpata mkaazi, na inatosha moja tu ikutimie.

Njia inayoeleweka na wengi ni ya siku 183: ukiwepo nchini jumla ya siku hizo au zaidi ndani ya mwaka wa mapato, wewe ni mkaazi. Si lazima ziwe mfululizo. Njia ya pili huwanasa watu bila wao kujua. Ukiwepo mwaka huu na miaka miwili iliyotangulia, na wastani wa siku zako ukazidi 122 kwa kila mwaka, umekuwa mkaazi hata kama hujawahi kufikisha 183. Mstaafu wa Ulaya anayekimbia baridi, anaingia Pangani mwanzoni mwa Novemba na kuondoka mwishoni mwa Machi, hukaa takriban siku 150 kwa mwaka. Ikishatimia miaka mitatu ya Januari hadi Desemba ya namna hiyo, tayari ni mkaazi, na mara nyingi hana habari.

Njia ya tatu inawahusu zaidi watoto wa Tanga walio ughaibuni. Mtu mwenye makazi ya kudumu Tanzania ni mkaazi kwa mwaka wowote atakaokuwepo nchini kwa kipindi chochote. Hakuna idadi ya chini ya siku. Umejenga Chumbageni, chumba chako kimefungwa kikikusubiri, ukaja wiki mbili kwa ajili ya Idi: kwa mwaka ule una hoja ya kujibu. Ikiwa nyumba yote umempangisha mtu kwa mkataba, na ukija unafikia kwa ndugu, ni vigumu zaidi kusema kwamba yale ni makazi yako, kwa sababu huna pa kuingia. Tunza mkataba huo wa upangaji, maana siku moja unaweza kuwa ndio ushahidi wako.

Miaka miwili ya nafuu, na nani anaikosa

Ipo nafuu moja ambayo wageni wengi hawaijui na wenyeji wengi wanaielewa vibaya. Mtu ambaye mwisho wa mwaka wa mapato ni mkaazi, lakini jumla ya ukaazi wake Tanzania katika maisha yake yote haijazidi miaka miwili, hutozwa kwa mapato yanayotoka Tanzania tu. Pensheni yake ya nje haiguswi katika kipindi hicho.

Kwa mama wa Kijerumani aliyehamia Bagamoyo kwa mara ya kwanza, hii ni nafasi ya kupanga mambo. Kama kuna mkupuo anaoweza kuuchukua kutoka kwenye mfuko wake, achukue ndani ya dirisha hilo. Mwaka wa tatu ukiingia, mkupuo ule ule unaingia kwenye hesabu yote.

Sasa mtoto wa Ngamiani aliyeondoka akiwa na miaka 24, akarudi na miaka 66, husikia habari hii akadhani naye ana miaka miwili ya kupumua. Hana. Sheria imesema maisha yote, na yeye aliitumia miaka yake miwili akiwa bado anacheza mpira Mkwakwani. Kwake kodi inaanza mwaka ule ule anaorudi na kuwa mkaazi. Kosa hili ni la gharama kwa sababu hugundulika baada ya miaka, adhabu na riba zikiwa zimeshapandiana.

Mikataba ipo, lakini si na nchi unazozifikiria

Mtu akisoma kwamba kuna mikataba ya kuzuia kodi kutozwa mara mbili, hupumua. Kabla ya kupumua, atazame orodha. Mikataba ambayo Tanzania imekuwa ikiitumia kwa muda mrefu ni na nchi tisa: Afrika Kusini, Kanada, Denmark, Finland, India, Italia, Norway, Sweden na Zambia. Uingereza haimo. Ujerumani haimo. Marekani haimo. Kenya nayo haimo, kwa sababu mkataba wa kodi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Novemba 2010 na mpaka leo haujaanza kufanya kazi.

Aliye na pensheni ya Sweden au Norway asome mkataba wake mwenyewe, asitegemee wa jirani. Mikataba hii haifanani. Mipangilio ya kawaida ni mitatu: pensheni itozwe na nchi anakoishi mstaafu peke yake, au itozwe na nchi inakotoka, au zote mbili zitoze, huku nchi anakoishi ikipunguza kodi iliyolipwa kule. Pensheni ya utumishi wa serikali kwa kawaida ina kifungu chake cha pekee, na mara nyingi nchi iliyomwajiri mtumishi ndiyo hubaki na haki ya kutoza. Kwa hiyo mwalimu wa serikali na fundi wa kampuni binafsi, wametoka mji mmoja na wanaishi nyumba jirani Bagamoyo, wanaweza kuwa na majibu mawili tofauti. Ili nchi inayolipa ikubali kupunguza au kuacha makato, itadai cheti cha ukaazi wa kikodi kutoka TRA. Omba mapema, kwa maana bila cheti hicho makato yanaendelea kama kawaida. Sweden, kwa mfano, humkata mstaafu asiyeishi huko kodi maalumu ya kiwango kimoja, ambayo mwaka 2025 ilikuwa asilimia 25.

Pasipo mkataba, hesabu inakwendaje

Kutokuwa na mkataba hakumaanishi kulipa mara mbili bila kinga. Sheria yetu yenyewe inaruhusu kodi ya mapato uliyolipa nje ipunguzwe kwenye kodi ya hapa kwa pato lile lile. Ina mpaka mmoja: kinachopunguzwa hakiwezi kuzidi kodi ambayo Tanzania ingetoza kwa pato hilo, kwa wastani wa kiwango chako.

Viwango vya mkaazi kwa mwaka ni hivi. Shilingi 3,240,000 za kwanza hazitozwi. Kutoka hapo hadi 6,240,000 ni asilimia 8. Hadi 9,120,000 ni asilimia 20. Hadi 12,000,000 ni asilimia 25. Zaidi ya hapo asilimia 30. Mtu anayefika milioni 12 kamili anakuwa na kodi ya Sh 1,536,000.

Tuchukue mstaafu mwenye pensheni ya kazi kutoka Uingereza yenye thamani ya Sh 36,000,000 kwa mwaka kabla ya makato, bila pato lingine. Kodi ya Tanzania ni 1,536,000 pamoja na asilimia 30 ya milioni 24, yaani 7,200,000. Jumla 8,736,000. Ikiwa Uingereza ilimkata asilimia 20 ya pensheni yote, amelipa kule 7,200,000. Anapunguza hiyo, na TRA anailipa 1,536,000 iliyobaki.

Sasa tuseme Uingereza haikumkata kitu kwa sababu pensheni yake iko chini ya kiwango kisichotozwa huko, pauni 12,570 kwa mwaka. Hapo hana cha kupunguza, na TRA inadai 8,736,000 nzima. Wastaafu hushangaa hapa: msamaha alioupata kule haukumfaidi yeye, umehamishia malipo huku. Upande wa pili, Mtanzania anayelipwa mafao ya hifadhi ya jamii ya Marekani akiwa si raia wala mkaazi wa huko hukatwa asilimia 30 ya asilimia 85 ya mafao, yaani 25.5 kwa mia. Kwa milioni 36 hizo ni 9,180,000. Tanzania itakubali kupunguza mpaka 8,736,000 tu, na 444,000 iliyozidi hairudishwi na TRA. Kwa kifupi cha hesabu, mkaazi wa Tanga asiye na mkataba hujikuta amelipa kile kiwango kilicho kikubwa kati ya viwili.

Uingereza ina mtego mwingine. Kiwango kile cha pauni 12,570 hakitolewi kwa kila anayeishi nje. Raia wa Uingereza anakipata. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola alikuwa akikipata kwa uraia huo tu, lakini haki hiyo iliondolewa kuanzia Aprili 2010. Kwa hiyo Mtanzania aliyefanya kazi Uingereza maisha yake yote bila kubadili pasipoti anaweza kukatwa asilimia 20 kuanzia pauni ya kwanza ya pensheni ya mwajiri, wakati mwenzake aliyechukua uraia wa kule hakatwi. Anayestahili na akakatwa kimakosa huomba marejesho kwa fomu ya R43. Na anayeondoka Uingereza aijaze fomu ya P85 kabla hajafunga mizigo, ili mamlaka ya kodi ya kule ijue amehama.

Jambo la pembeni lakini linauma: pensheni ya serikali ya Uingereza, yaani ile ya hifadhi ya jamii na si ya mwajiri, haipandishwi kwa mstaafu anayeishi Tanzania. Aliyeanza kuipokea akiwa Tanga katika mwaka wa 2025/26 kwa kiwango kamili cha pauni 230.25 kwa wiki, atabaki na pauni hizo hizo mwaka baada ya mwaka, hata wenzake wa London wakiongezewa. Ukipanga maisha ya miaka 20 ya kustaafu, weka hili kwenye hesabu kabla hujaweka kodi.

Ujerumani na mhuri wa TRA

Pensheni ya serikali ya Ujerumani hutozwa kwa sehemu, na sehemu hiyo inategemea mwaka ulioanza kulipwa. Aliyeanza 2005 au kabla yake hutozwa kwa asilimia 50 ya pensheni. Aliyeanza 2020, asilimia 80. Aliyeanza 2024, asilimia 83. Ile sehemu isiyotozwa hugeuzwa kuwa kiasi maalumu cha euro na kufungwa hapo, hivyo nyongeza zote za baadaye zinatozwa kikamilifu.

Wastaafu walioko nje huhudumiwa na ofisi ya kodi ya Neubrandenburg. Ofisi hiyo humchukulia aliye nje kama mlipakodi wa kikomo, asiye na kiwango cha msingi kisichotozwa. Lakini ikiwa angalau asilimia 90 ya mapato yako yanatoka Ujerumani, unaweza kuomba uhesabiwe kama anayeishi kule. Angalia tofauti: mwenye euro 900 kwa mwezi aliyeanza 2024 ana euro 10,800 kwa mwaka. Asilimia 83 yake ni 8,964. Kiwango cha msingi cha mwaka 2024 kilikuwa euro 11,784, kwa hiyo akiomba hadaiwi kitu. Asipoomba, anatozwa kuanzia mwanzo.

Fomu ya ombi hilo ina sehemu inayopaswa kugongwa mhuri na mamlaka ya kodi ya nchi unakoishi. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu hawana TIN (namba ya mlipakodi) wala hawajawahi kuwasilisha ritani (taarifa ya mapato ya mwaka), na afisa hawezi kuthibitisha mapato ya mtu asiyemjua. Usiende na fomu ya Kijerumani peke yake. Nenda na tafsiri, TIN yako na ritani za miaka husika. Ukishapata mhuri, kumbuka kwamba Tanzania haiijui ile asilimia 83. Hapa inahesabiwa pensheni yote.

Kenya na Oman

Kwa wanaotokea Mombasa, Kenya ilibadilisha sheria mwishoni mwa Desemba 2024 na kuifanya pensheni ya mifuko iliyosajiliwa isitozwe kodi kwa aliyefika umri wa kustaafu. Msamaha huo unaishia mpakani Lungalunga. Ukivuka Horohoro na kuwa mkaazi wa Tanga, pensheni ile ni pato la nje lisilo na kodi ya kupunguza.

Oman haijaanza kutoza kodi ya mapato ya watu binafsi. Sheria yake mpya inaanza 2028, tena kwa wenye mapato makubwa. Wengi wanaotoka huko hupata kiinua mgongo cha mkupuo badala ya pensheni. Mapato ya ajira ya mtu binafsi hapa huhesabiwa siku fedha inapopokewa, hivyo tarehe ina uzito wake. Aliyelipwa mkupuo Muscat katika mwaka ambao bado si mkaazi wa Tanzania hana deni hapa. Aliyerudi Februari, akahesabiwa mkaazi wa mwaka huo, kisha mkupuo ukaingia Agosti, anatozwa, na kwa fedha nyingi ya mara moja karibu yote inaangukia asilimia 30. Mdai mwajiri akulipe kabla ya kusafiri, au sogeza safari.

Kuliweka sawa TRA

Chukua TIN kwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Mgeni hutumia pasipoti na kibali cha ukaazi. Kwa kuwa mlipaji wa pensheni yuko nje na hana wajibu wa kukata kodi ya hapa, kazi hiyo inakuwa yako. Mwaka wa mapato ni Januari hadi Desemba. Makadirio huwasilishwa kufikia tarehe 31 Machi, na kodi hulipwa kwa awamu nne: 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Ritani ya mwisho ni kufikia 30 Juni mwaka unaofuata. Kwenye makadirio zingatia kodi ya nje unayotarajia kukatwa, usije ukatoa fedha nyingi mapema kisha ukaanza kudai marejesho.

Makosa yanayojirudia ni ya kumbukumbu, na wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Watu huandika kiasi kilichoingia benki badala ya kiasi kabla ya makato. Makato ya benki hayapunguzi pato, na kodi ya nje inapunguzwa kwenye kodi, si kwenye pato. Wengine hubadilisha fedha kwa kiwango cha siku wanayojaza ritani, ilhali kinachotakiwa ni kiwango cha siku ya malipo; Benki Kuu huvichapisha, na Kamishna anaweza kuruhusu wastani. Kila mwezi andika mstari mmoja: tarehe, kiasi kamili, kodi iliyokatwa, kiwango cha kubadilisha.

Ushahidi wa kodi ya nje ndio moyo wa jambo hili. Kutoka Uingereza ni P60 ya mfuko wa pensheni (hati ya mwaka ya malipo na kodi), kutoka Ujerumani ni hati ya tathmini ya ofisi ya kodi. Picha ya muamala wa benki haitoshi, kwa sababu haionyeshi kodi. Tena mwaka wa kodi wa Uingereza huishia tarehe 5 Aprili, na P60 haiwezi kulala sawasawa juu ya Januari hadi Desemba yetu. Tunza hati za malipo za kila mwezi, ili uweze kujumlisha Januari, Februari na Machi kutoka mwaka mmoja wa kule na miezi tisa kutoka mwingine. Pensheni ya majeraha au ulemavu uliopatikana vitani imesamehewa hapa, lakini barua ya mlipaji lazima itaje sababu hiyo waziwazi.

Na kwa anayekwenda upande wa pili, mstaafu wa NSSF au PSSSF, mifuko ya pensheni ya Tanzania, anayehamia kwa watoto wake Uingereza: tangu Aprili 2017 pensheni za nje hutozwa huko kwa ukamilifu. Kuanzia 6 Aprili 2025, aliyekuwa nje ya Uingereza miaka 10 mfululizo anaweza kuomba mapato yake ya nje yasitozwe kwa miaka minne ya kwanza, ila akiomba anapoteza zile pauni 12,570 zisizotozwa kwa mwaka husika. Mwenye pensheni ndogo ya Tanzania asiye na pato lingine hana sababu ya kuomba, kwa kuwa pauni hizo zinamfunika tayari.